Macho ya Kuku

Tarehe kumi na moja Desemba mwaka wa 1984, siku ya Jumanne, dada yangu Marigu alipoteza macho yote mawili. Alikuwa na miaka saba. Surua ilikuwa imempata wiki moja kabla, na kufikia siku hiyo kioo cha macho yake kilikuwa kimelainika kama ute wa yai. Nesi wa zahanati alimwambia mama aache kumzungusha mtoto huku na huku kwenye jua, kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kuokoa. Marigu aliishi bila macho hadi alipofariki mwaka jana, mwezi wa nne, kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Lakini mtu ninayetaka kumwandika hapa ni mwalimu wetu. Jina lake silitaji. Ana watoto, na watoto wake hawakunikosea. Simwandiki kwa upendo, na mtu akisoma akaona nimemwonea, basi ajue nilijaribu kusema yale tu niliyoyaona. Kwa miaka mingi nilitaka kujua jambo moja kutoka kwake: kama alijua. Nilitaka anieleze kama alijua dada yangu ana nini, akanyamaza, au kama hakujua. Mengine yote juu yake nilikuwa nayo tayari.

Alitoka upande wa Imenti, karibu na Kanyakine, kwenye ndizi na chai na ukungu. Serikali ilimleta kwetu, sehemu kavu ya Embu ya chini, ambako mtu hupanda mtama akangoja. Alikaa miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote hakuacha kuvaa sweta. Jua likiwaka hata mbuzi wakilala chini ya vichaka, yeye alikuwa ubaoni na sweta lake la rangi ya kahawia, jasho likimtoka masikioni. Baba alisema amelivaa ili tusisahau kwamba yeye ni mpita njia.

Alitudharau, wala hakuficha. "Hapa kwenu," alituambia, "hata jogoo akiwika anaomba maji." Tulicheka kwa sababu alikuwa na ulimi mzuri. Alikuwa hachapi sana kama walimu wengine wa siku zile, lakini alikuwa akitupa majina. Mvulana mmoja mwenye kichwa kikubwa alimwita Debe. Msichana aliyekuwa akikojoa kitandani alimwita Chemchemi, na sijui habari hizo alizitoa wapi. Jina likitoka kinywani mwake lilikuwa lako, hata ukiolewa na ukizaa. Debe amezeeka na bado ni Debe.

Alikuwa na tabia moja iliyonikera kuliko zote. Saa ya mapumziko alitupanga mstari mbele ya ofisi, ambayo ukuta wake ulipakwa chokaa nyeupe, tukautazama ule ukuta unaong'aa mpaka kengele ilie. Kisha: "Kimbia! Wa mwisho kukaa ni ng'ombe!" Tulikimbia kuingia darasani. Madarasa yetu yalikuwa ya udongo, madirisha madogo, na siku za vumbi yalizibwa kwa magunia. Kutoka kwenye ule mwanga ukaingia mle ndani, ulikuwa kama umefunikwa blanketi kichwani. Wote tulijikwaa kidogo. Halafu macho yalizoea, kila mtu akaona dawati lake, akakaa.

Ya Marigu hayakuzoea. Wengine wakishakaa kitambo, na ubao ukisomeka vizuri, yeye alikuwa bado anapapasa, anashika vichwa vya watoto mmoja mmoja, anakanyaga miguu. Alikuwa darasa la kwanza. Mwalimu alisimama mlangoni akimtazama.

"Ona huyu," alisema siku moja. "Kukiwa na giza kidogo tu, anatafuta pa kulala. Huyu ni kuku. Kuku, tundu lako liko pale mbele!"

Shule nzima ilisikia. Kuanzia siku hiyo akawa Kuku.

Mwaka huo mvua ilikuwa imekataa mara mbili. Mama alikwenda kuchuma kahawa upande wa juu, akawa anarudi Jumapili peke yake. Baba alikuwa na mbuzi mbali, akifuata majani. Nyumbani tulibaki na nyanya yetu, tuliyemwita Cucu, ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa na ukungu wa uzee. Shuleni tulipewa uji wa msaada, kikombe kimoja kila mtoto, na kwa wengi hicho ndicho kilikuwa chakula cha siku. Mwalimu aliugawa mwenyewe ndani ya stoo. Mlango aliufunga nusu kwa sababu ya nzi na kwa sababu ya watu wazima waliokuja kuchungulia. Mle ndani mlikuwa na giza.

Nilikuwa nyuma ya Marigu kwenye mstari, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu.

"Wewe Kuku, kikombe!"

"Kiko hapa, Mwalimu."

"Wewe uko hapa. Kikombe kiko Nairobi?"

Watoto wakacheka. Marigu akasogeza kikombe upande ambao sauti ilitoka, lakini upawa ulikuwa upande mwingine, na uji ukamwagika sakafuni. Mwalimu hakumpa mwingine. Alisema chakula cha msaada hakimwagwi mara mbili. Jambo hilo lilitokea si chini ya mara tano muhula huo. Mimi nilikuwa nikimwachia nusu ya wangu, isipokuwa siku mbili ambazo njaa ilinishinda nikanywa wote.

Tukienda nyumbani alinishika sketi. "Usimwambie Cucu," alisema. "Atasema namwaga chakula."

"Kwani wewe huoni upawa?"

"Naona nikiwa nje."

Sikumwambia Cucu. Na jioni moja, karibu na zizi, Marigu alipogonga mtungi wa maji ukamwagika wote, nami nilikuwa nimeubeba kutoka mbali, nilimwita Kuku. Nilimwita mimi, dada yake, kwa sauti ya Mwalimu. Cucu hakuwa karibu. Angekuwa karibu, huenda nisingekuwa naandika haya.

Sasa nitasema mazuri yake, kwa kuwa yapo. Kila mwisho wa mwezi alipokwenda kwao alirudi na mkungu wa ndizi mbichi kwenye baiskeli, akawagawia watoto wasio na baba. Mtoto alipoumwa na nyoka alimbeba mgongoni mpaka zahanati, akafika viatu vimemwisha. Mimi alinifundisha kusoma na kuandika Kiswahili hiki. Mpaka leo nikiandika sentensi ndefu sana nasikia sauti yake: "Kata hapo, mama, watu wapumue."

Tena alijua kufundisha. Somo bora nililowahi kupata katika maisha yangu lilikuwa lake, na lilikuwa juu ya jicho. Nilikuwa darasa la sita, mwaka huo huo. Alituingiza ndani, akaziba madirisha, akafunga mlango. Ukutani alikuwa amebandika karatasi yenye maandishi. "Mtu wa kwanza kusoma hayo maneno atakula ndizi," alisema. Tukakaa gizani tukingoja, naye anazungumza taratibu, bila dharau, kama mtu mwingine.

Alisema nyuma ya jicho kuna rangi. Mwanga huimaliza, giza huirudisha. Mtu akitoka juani rangi yake imeisha, ndiyo maana akiingia ndani haoni. Akisimama kidogo, rangi hurudi polepole, kwanza ile ya kuonea vitu kwenye mwanga, kisha ile ya kuonea gizani, ambayo huchukua hata nusu saa kukamilika. "Kwa hiyo macho hayakimbizwi," alisema. "Yanangojwa." Akasema rangi hiyo hutengenezwa na vitamini A, ambayo imo katika maini, katika maziwa, katika mboga za kijani na karoti na maembe. Mtu asipoipata atasimama gizani mpaka kesho na hataona kitu. Ugonjwa huo una jina. Akaliandika kwa Kiingereza, maneno mawili. Tukalikariri kwa Kiingereza, na tiba yake kwa Kiingereza, darasa zima kwa sauti moja. Ukuta mmoja tu ulitutenganisha na darasa la kwanza.

Mimi ndiye niliyesoma karatasi kwanza. Nilikula ndizi.

Kwenye mtihani wa muhula liliulizwa swali la ugonjwa huo huo. Nililijibu vizuri, akaniwekea tiki kubwa nyekundu. Siku niliyopata tiki hiyo, dada yangu alikuwa amenyimwa uji.

Watu huniuliza, iliwezekanaje? Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivi. Yale maneno mawili ya Kiingereza yalikuwa ya mtihani. Yalikaa kwenye daftari. Marigu alikuwa Marigu, mtoto wa kugonga mitungi. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kilichoandikwa kwenye daftari kinaweza kuwa kimelala na mimi kitanda kimoja.

Kuna jambo la maini. Baba alipoona mbuzi hatamaliza wiki, alimrudisha nyumbani akamchinja kabla hajafa mwenyewe. Kwetu, mbuzi akichinjwa, maini ni ya wanaume waliochinja, na kama kuna mgeni wa heshima, mgeni hutengewa kipande kizuri. Mwalimu alikuwa mgeni wetu kwa miaka kumi na moja. Mara tatu mwaka huo mimi nilitumwa kumpelekea maini kwenye bakuli lililofunikwa kwa jani la mgomba alilolileta yeye mwenyewe kutoka kwao. Mara moja nilikwenda na Marigu amenishika sketi. Mwalimu alifungua bakuli akanusa.

"Mwambie baba asante sana. Hii ni dawa ya kila kitu."

Akaingia ndani kupika, nasi tukarudi nyumbani.

Kisha ikaja surua, shule ikiwa imefungwa. Ilipita kwenye maboma mengi, na watoto wengi walipona. Nesi alituambia baadaye kwamba mtoto ambaye macho yake yameshakauka ndiye surua humwonea zaidi. Alisema madoa meupe kama povu yalikuwa kwenye macho ya Marigu tangu zamani, mtu yeyote angeyaona akimgeuza kwenye jua. Mimi nilikuwa nimeyaona. Nilidhani ni vumbi.

Majirani walikuja kutupa pole. Mtoto mmoja wa shule alisimama karibu na kitanda akasema, "Pole, Kuku."

Cucu aligeuza kichwa. "Umemwitaje?"

"Ndilo jina lake shuleni."

"Nani alimpa jina hilo?"

"Mwalimu."

"Mwalimu aliona nini?"

Cucu akanigeukia mimi. Nikamweleza kuhusu darasa, stoo, uji. Nilieleza polepole na kila nilipoongeza neno uso wake ulizidi kukunjamana. Nilipomaliza alisema kwamba wazee huita ugonjwa huo macho ya kuku, kwa sababu kuku jioni haoni. Alisema alipokuwa msichana, mwaka wa njaa nyingine, watoto watatu wa boma lao waliupata, wakapewa maini ya mbuzi siku chache, wakapona, wakakimbia na wenzao jioni. Hakuna mwanaume ambaye angemkatalia mtoto wa macho ya kuku maini.

"Mbona hamkuniambia?" aliuliza. "Mtu aliuona ugonjwa, akautaja kwa jina lake kabisa, na mimi sikuambiwa!"

Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa. Mtu aliona, akataja. Mwalimu ndiye aliyetufundisha ugonjwa ule. Je, alijua?

Siku tatu baadaye alikuja mwenyewe, na sweta lake, na mikungu miwili ya ndizi. Aliomba sala ndefu sana. Alimtazama mama, alimtazama baba, alitazama mlango. Lakini hakumtazama Marigu. Alipokuwa akiaga alisema, "Mungu akuweke, Marigu." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitumia jina lake. Nililiweka moyoni.

Mwaka uliofuata aliandika barua nyingi, akapanda basi mara mbili kwa nauli yake, mpaka Marigu akapata nafasi katika shule ya watoto wasioona, mbali sana na kwetu. Mama alimwita malaika. Mimi niliona mtu anayefuta ubao. Alipohamishwa kurudi kwao, wazazi walimchinjia mbuzi. Sikwenda kumuaga.

Miaka ilipita. Niliolewa, nikaachika, nikahamia Nchiru, karibu na chuo kikuu, nikafungua kibanda cha chakula kati ya hosteli za wanafunzi. Marigu aliishi nami. Yeye ndiye aliyekuwa akikanda na kusukuma chapati, na hakuna mwanafunzi aliyekuwa akibisha kwamba ni chapati bora zaidi pale. Mimi nilikaa kwenye moto. Tuliongea mambo yote isipokuwa moja. Hakuwahi kuniuliza nilijifunza nini darasa la sita, nami sikumwambia.

Mchana mmoja, jua kali, mzee aliingia, akasimama hapo mlangoni. Hakusogea. Wateja wengine huingia wakagonga benchi, lakini huyu alisimama wima, mkono kwenye mwimo, akingoja macho yake. Nilimjua kabla hajatoa sauti. Hakuwa na sweta. Ningependa kusema kwamba macho yake yalikuwa yameharibika. Hapana. Hakuvaa hata miwani. Alitazama kibanda chote, akachagua benchi safi, akakaa.

"Mama, niletee chai. Lakini iwe chai, si maji ya kunawa mikono yaliyopitishwa karibu na ng'ombe."

Wanafunzi wawili waliokuwa wakila madondo, yaani maharagwe, walicheka. Marigu aliacha kusukuma.

"Huyo ni Mwalimu," alisema.

Mzee akageuka. "Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ni Kuku."

Aliipokea chai niliyomletea. Kisha akasema jina la shule yetu, kwa sauti ndogo, na jina la baba yetu. Akasema amekuja kumwona mjukuu wake chuoni. Akasema dunia ni ndogo. Akasema anafurahi kuona kwamba Marigu anajitegemea.

"Mwalimu," Marigu alisema, "nikuulize kitu?"

"Uliza, mama."

"Ulijua nina ugonjwa gani?"

Miaka yote hiyo nilidhani swali hilo ni langu peke yangu.

Mwalimu alizungusha kikombe mezani. "Jibu nililijua," alisema. "Nililifundisha miaka mingi. Lakini wewe nilikuona mtoto mzembe tu, wa kunichelewesha. Sikuweka hayo mambo mawili pamoja. Nakuapia."

"Basi mbona siku ulipokuja na ndizi hukumwita Kuku?" Hilo lilinitoka mimi, na sauti yangu haikuwa nzuri.

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Siku hiyo nilikuwa nimejua. Nilikuwa njiani, nasukuma baiskeli, nikafikiria macho yaliyopasuka. Ndiyo yakaja yote mara moja. Karibu nirudi." Kisha uso wake ukabadilika, ukawa ule wa zamani wa kutoa majina. "Lakini wewe usiniangalie hivyo. Wewe ndiye ulikula ile ndizi. Kwenye mtihani nilikuwekea tiki mimi mwenyewe. Wewe ulikuwa unalala na yeye. Mimi nilikuwa na watoto mia mbili."

Moto ulikuwa unavuma. Marigu aligeuza uso upande wangu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ulijua?"

"Nililijua jibu. Kama yeye."

Alipangusa mikono unga kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Hebu lisemeni hilo jibu nisikie."

Mwalimu alianza kwa Kiingereza. Nami nikaingia, sijui kwa nini, maneno yale yale, kwa ule mdundo wa darasani, tukaenda pamoja mpaka mwisho, mpaka kwenye karoti. Wanafunzi waliacha kula wakatutazama.

"Sasa kwa Kimbeere chetu," Marigu alisema.

"Kimbeere sikijui, mama. Najua kusalimia tu."

"Ulikaa kwetu miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Basi wewe, dada, sema."

Nilitafuta neno la vitamini, sikulipata. Nikasema kama Cucu angesema. Mtoto ana macho ya kuku, mpeni maini.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Hakulia, wala hakunitukana. Pikipiki zilipita barabarani.

"Chapati inaungua," alisema.

Niliigeuza. Upande mmoja ulikuwa umeshakuwa mweusi. Nilitaka kuitupa, lakini Mwalimu alinyoosha mkono akasema atakula hiyo hiyo. Aliila yote, bila kugusa chai, akitazama meza. Kisha akanawa mikono, akashukuru, akatoka nje. Marigu aliniuliza kama ameenda. Nikamwambia ameenda. Akaniambia nimpimie unga mwingine, wanafunzi wa saa saba wanakaribia kufika.